Usinunue wufa kabla hujafungua mlango wa gari lako

Ngoja kidogo kabla hujatuma hiyo pesa kwa M-Pesa.

Najua unachopanga. Una gari la zamani, labda la mzazi, labda ulilinunua mwenyewe baada ya kukopa kwenye chama. Spika za milangoni zinalia kama redio iliyofunikwa blanketi. Besi hakuna. Ukiongeza sauti, mlango unatetemeka na spika inakwaruza. Sasa umeona jamaa fulani mtandaoni anauza wufa ya inchi 12 pamoja na amplifaya iliyoandikwa wati 1,200, na umejiambia mshahara ukiingia tu, ni hiyo.

Nilikuwa hapo ulipo. Nilinunua. Kwa hivyo nina haki ya kukwambia usinunue, angalau si sasa. Mara nyingi kinachoua muziki wa gari la zamani si redio, wala si udogo wa spika. Ni mlango wenyewe. Na mlango unao tayari, hauhitaji kuuagiza popote.

Gari ninalozungumzia ni Corolla 110 ya baba yangu, ambayo namba yake bado inaanza na KA. Mimi naishi Nairobi kwenye bedsita. Yeye anaishi Migwani, kaunti ya Kitui. Ukilitazama gari hilo utaona kituko, lakini pale nyumbani ndilo lori, ndilo ambulensi na ndilo teksi. Linabeba ndengu kwenda sokoni, linabeba mitungi ya maji kiangazi kikikaza, na jirani akizidiwa usiku mlango unaogongwa ni wetu. Zaidi ya hayo, ndicho chumba cha muziki cha mzee. Baba ni mtu wa benga. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Kimangu Boys, hao ndio watu wake. Habari anazisikiliza Musyi FM, na ukimpigia simu wakati wa habari atakwambia kwa adabu kwamba atakupigia baadaye. Hapigi.

Mwaka juzi tulianza kugundua kwamba sauti ya redio yake inapanda. Zamani ilikuwa 20. Ikawa 25. Nilipoenda nyumbani Desemba, skrini ilikuwa inasoma 34 na kila tuliyembeba alikuwa anashuka akijisugua sikio. Tukakaa kikao cha familia bila yeye, ile ya kunong'ona jikoni. Dada yangu akasema mzee masikio yameanza kwenda. Mama akasema si masikio tu, hata jina lake siku hizi anaitikia mara ya tatu. Dada akaanza kuuliza bei ya vifaa vya kusaidia kusikia. Mimi, mtoto wa mjini, nikajiona nina suluhisho la haraka: mzee anahitaji mtambo wa nguvu.

Nikaenda Luthuli Avenue. Ukipita pale na uso wa mtu mwenye pesa ya kwanza ya kazi, hutoki mikono mitupu. Niliacha Sh18,000 kwenye duka moja, nikatoka na wufa ndani ya sanduku la mbao lililovalishwa zulia jeusi, amplifaya yenye taa ya buluu, na nyaya nyekundu nene. Nikapandisha kila kitu kwenye gari la abiria, Thika, Matuu, mpaka nyumbani. Nikaunganisha mwenyewe nikifuata video kwenye simu. Taa ya buluu ikawaka. Mtaa mzima ukajua nimefika.

Furaha yenyewe ilidumu siku tatu. Siku ya nne mama alitaka kupeleka magunia mawili ya ndengu, na buti lilikuwa na nafasi ya gunia moja na viatu. Juma lililofuata mzee alisikiliza mziki akiwa ameegesha chini ya mwembe, injini imezimwa, na alipotaka kuondoka betri ilikuwa imekufa. Vijana wakamsukuma. Lakini kilichoniuma ni maneno yake mwenyewe. Aliniambia kwa upole, kama mtu asiyetaka kuonekana hana shukrani: "Mwanangu, umeniletea ng'ombe analia huko nyuma. Lakini mtangazaji bado simsikii."

Na sauti bado ilikuwa 34.

Aliyetuokoa hata si fundi wa muziki. Ni fundi wa kawaida pale Migwani, anayetengeneza vitasa na vioo vya madirisha. Tulimwendea kwa sababu kioo cha dereva kilikuwa kimegoma kupanda. Kabla hajafungua chochote, aliwasha redio, akakandamiza kiganja kwenye ubao wa ndani wa mlango, ule uliofunikwa kitambaa na wenye mkono wa kufungulia. Sauti ikabadilika. Akatoa mkono, sauti ikarudi kuwa mbaya. Akarudia. Akaniangalia. Mimi niliyeacha Sh18,000 Nairobi nikaangalia chini.

Alipotoa ule ubao ndipo nilipoona aibu yetu. Ndani ya mlango kuna bati la pili, na bati hilo lina matundu makubwa ambayo kiwanda huyaacha ili fundi aweze kufikia kitasa na mashine ya kioo. Gari likitoka kiwandani, matundu hayo huzibwa kwa karatasi ya nailoni iliyoshikwa na gundi nyeusi ya kunata. Yetu haikuwepo. Fundi mwingine, miaka iliyopita, aliichana ili afikie kioo kisha hakuirudisha, na hatukujua kwa sababu nani huwa anaangalia? Spika yenyewe ilikuwa imeshikwa na ribiti moja kati ya tatu, ikicheza kama jino la mtoto. Ile pete ya sponji inayozunguka karatasi ya spika ilikuwa imegeuka unga. Niliigusa ikabaki kwenye kidole. Mlango wa kushoto ulikuwa hivyo hivyo, na huko kulikuwa na jambo la ziada: nyaya zilikuwa zimeunganishwa kinyume, chanya kwenye hasi.

Sasa nivumilie kidogo kwa fizikia, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapookolewa.

Spika ni karatasi inayosukumwa mbele na kuvutwa nyuma. Ikienda mbele inasukuma hewa ya upande wako, na papo hapo inavuta hewa ya upande wa nyuma. Kwa hiyo spika moja hutoa sauti mbili, moja mbele na moja nyuma, na sauti hizo ziko kinyume. Zikikutana zinauana. Fikiria watu wawili kwenye pipa moja la maji. Mmoja anamimina, mwenzake anachota kwa kasi ile ile. Utasubiri pipa lijae mpaka uchoke. Sauti nyembamba, kama matoazi au herufi "s" ya mtangazaji, haziathiriki sana kwa kuwa hulenga mbele kama mwanga wa tochi. Besi haiendi hivyo. Besi inasambaa pande zote, inazunguka kingo, inapenya kila tundu. Kama mlango wako umejaa matundu, besi ya nyuma inatoka na kuimeza ya mbele, nawe unabaki na mlio wa mkebe.

Hasara hiyo inauma zaidi kwa mtu wa benga. Benga si muziki wa gitaa moja tu linalokimbia juu. Gitaa la besi linajibizana na lile la juu, linaruka, linasimama, linaingia tena. Kamba nene zaidi ya gitaa la besi ikipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya kawaida ya mlangoni, ya inchi sita na nusu hivi, haitakupa sauti hiyo yote hata ikiwa mpya. Lakini noti za juu yake inaziweza vizuri, ukiipa mlango uliozibwa. Mzee wangu alikuwa anasikia nusu ya mazungumzo kwa miaka. Gitaa moja linauliza, la pili limenyamazishwa na bati.

Kuhusu nyaya zilizogeuzwa, hadithi ni ile ile, ila sasa ni kati ya mlango na mlango. Spika ya kulia inasukuma, ya kushoto inavuta. Besi inakufa katikati, pale pale kichwa chako kilipo.

Na ule mtetemo wa bati? Mlango wa gari ni ngoma. Unapokimbia kwenye lami, ngoma hiyo inapigwa na matairi, upepo na spika, vyote kwa pamoja. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui na Kabati hadi huku Migwani siku hizi ina lami, na watu tunakimbia kuliko tulivyokimbia enzi za vumbi. Gari la zamani likishika kilomita 80 kwa saa, kelele ya barabara inaingia kupitia mlango na kukaa juu ya sauti ya mtangazaji. Unafanya nini? Unaongeza redio. Spika iliyochanika inakwaruza zaidi, maneno yanazidi kupotea, unaongeza tena. Ndivyo mtu anavyofika 34. Ndivyo familia inavyokaa jikoni kuamua kwamba masikio yake yamekwenda.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya majaribio haya jioni moja ukiwa umeegesha. Kwanza cheza wimbo unaoujua kutoka kwenye simu au flashi, si redio ya FM. Sababu ni kwamba magari mengi ya mtumba yalitengenezewa Japani, ambako redio za zamani hupokea kuanzia megahezi 76 hadi 90, na hapa kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana wengi wamefungiwa kile kidude cha kuhamisha masafa, na kidude hicho kikiwa cha ovyo hukuletea mchakacho na sauti hafifu ambazo hazihusiani na spika hata kidogo. Kama wimbo wa kwenye flashi uko safi na FM iko mbovu, shida yako ni antena au kile kidude, na unaweza kuacha mlango ulivyo.

Pili, zima spika za nyuma kwenye mipangilio ya redio, kisha peleka sauti yote kushoto, halafu yote kulia, halafu irudishe katikati. Katikati panapaswa kuwa na besi nyingi zaidi. Ukisikia besi inapungua pale pande mbili zinapolia pamoja, nyaya za upande mmoja zimegeuzwa. Kurekebisha ni kubadilisha nyaya mbili. Bure. Kama hujui upi ni upi, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, tenganisha spika na redio kwanza, kisha gusisha betri kwenye ncha zake kwa nukta moja tu. Karatasi ikiruka kuja nje, ncha iliyo upande wa chanya wa betri ndiyo chanya ya spika.

Tatu, fanya kama yule fundi. Kandamiza mlango kwa kiganja muziki ukilia. Mkono wako ukibadilisha sauti, umeshapata mgonjwa.

Sisi tulifanya hivi. Fundi aliosha bati la ndani kwa petroli kidogo, vumbi la miaka likatoka. Nilinunua mabamba ya raba ya butili, yale yenye karatasi ya fedha upande mmoja, tukayabandika kwenye bati la nje kwa ndani ili liache kuwa ngoma, kisha tukaziba matundu makubwa ya bati la pili. Huna haja ya kufunika kila sentimita. Gonga bati kwa kidole. Pale linapolia "tang" weka kipande, pale linaposema "dup" songa mbele. Ukishindwa kupata butili, rudisha basi hata nailoni nzito na uibandike vizuri pembeni. Nailoni haina umaridadi, lakini kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye zulia, na hiyo peke yake inatosha kuirudisha.

Kuna watu watakushauri utumie utepe wa lami wa kuzibia paa, kwa kuwa hardware unapatikana kwa bei poa. Mimi naukataa. Gari linaloegeshwa juani Kitui si gari la kubandikwa lami. Ikilainika itateleza na harufu utaenda nayo kanisani. Na hata ukitumia butili, tafadhali, chini kabisa ya mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Usivizibe. Maji huingia kwenye mlango kupitia ukingo wa kioo kila mvua inaponyesha, na yasipopata pa kutokea mlango utaoza ukiwa unafurahia besi.

Spika zenyewe zilibadilishwa, hilo sikatai, kwa sababu sponji ilikuwa imeisha. Tulinunua jozi ya kawaida ya inchi sita na nusu. Badala ya kuifunga kwenye bati moja kwa moja, seremala alitukatia pete mbili za mbao za kukalishia spika, tukazipaka rangi ya mafuta pande zote ili zisinywe maji. (Kazi hiyo ilimchukua muda mfupi kuliko kuelezwa. Sisi ni Wakamba, ndugu zetu wa Wamunyu wamekuwa wakichonga mbao tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi huo. Pete ya duara ni nini?) Pete inafanya spika isicheze, na inaisogeza mbele kidogo ili sumaku isigongane na kioo. Hakikisha hapo: teremsha kioo mpaka chini kabla hujakaza skrubu. Tuliweka pia ukanda wa sponji kati ya spika na ubao wa ndani, ili sauti ije kwako badala ya kupotelea nyuma ya kitambaa.

Spika, raba, skrubu, seremala na fundi: Sh6,400. Wufa yangu ilikuwa Sh18,000 na haikufanya kitu.

Tuongee kuhusu wati, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakochinjwa. Redio ya gari imeandikwa "50W x 4". Inatoka wapi hiyo 50? Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Spika nyingi ni za omu 4. Chukua 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4, unapata karibu 52. Hesabu hiyo ni ya sauti iliyosukumwa hadi ikawa kelele tupu. Muziki safi hupata nusu yake kwa nadharia, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na kama wati 18 hivi kwa kila spika. Wati 18 zinatosha kabisa kwenye mlango uliozibwa.

Na ile amplifaya ya wati 1,200? Geuza uangalie fyuzi zake. Yangu ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Ampea 30 kwa volti 14 ni wati 420 zinazoingia, na zinazotoka lazima ziwe chache zaidi kwa kuwa nyingine zinageuka joto. Wino wa kwenye boksi hauna fyuzi; mtu anaweza kuandika 1,200, anaweza kuandika 5,000. Hakuna aliyenidanganya kwa mdomo, nakiri. Nilisoma namba kubwa nikafurahi mwenyewe.

Kama lazima usome namba kwenye boksi la spika, soma ile ya desibeli kwa wati moja. Spika ya 91 ikilinganishwa na ya 88, tofauti ni desibeli tatu tu, lakini ili ile ya 88 ilie sawa na mwenzake itahitaji umeme mara mbili. Yaani kuchagua spika vizuri dukani ni kama kupewa redio nyingine yenye nguvu maradufu bila kulipia. Namba hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Wati zinaandikwa kwa dhahabu.

Najua utaniambia nini. Utaniambia wewe hutaki kusikia mtangazaji, unataka besi ya nganya za Rongai, ile inayogonga kifua. Sawa. Mimi pia nazipenda, na siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini nganya ni biashara. Muziki ule ndio tangazo lake, unavuta abiria, na mwenye gari ameweka betri, nyaya na mafundi wa kuubeba. Corolla ya mzee haina biashara hiyo. Na hata ukiamua kufika huko siku moja, wufa ikiingia kwenye gari ambalo milango yake ni mkebe, utapata mngurumo nyuma na mchakacho mbele, na katikati hakuna muziki. Anza na mlango, halafu ukitaka ng'ombe wako buti, umlete. Weka fyuzi kwenye waya mkuu karibu kabisa na betri, maana waya ule ukichunika na kugusa bati bila fyuzi, gari linawaka moto. Yangu haikuwa na fyuzi hiyo. Video niliyofuata haikuitaja. Nikikumbuka kwamba baba yangu aliendesha gari hilo usiku akibeba wagonjwa, napata baridi.

Kitu ambacho sijamaliza kukihesabu ni jinsi tulivyokuwa tayari kuamini kwamba mtu ameharibika kabla ya kuuliza kama kitu chake kimeharibika. Mzee alikuwa analalamika. "Redio hii haisemi vizuri," alisema, si mara moja. Tulisikia maneno hayo tukayatafsiri kuwa uzee. Mimi nikatafsiri kuwa anahitaji kitu kipya kutoka mjini. Hakuna aliyekaa kwenye kiti chake na kusikiliza anachosikia yeye. Fundi wa vitasa, ambaye hajui lolote kuhusu desibeli, alifanya hivyo kwa nusu dakika. Basi kama una mzazi nyumbani anayeongeza sauti ya redio, kaa kwenye kiti chake kwanza. Dada yangu bado anasema apimwe masikio, na simpingi, apimwe. Lakini apimwe kama mtu mwenye umri wake, si kama mtu ambaye kesi yake imeshaamuliwa na kamati ya jikoni.

Siku tulipomaliza, tulienda naye mpaka Kabati na kurudi. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliwasha, akaacha kwenye 34 kwa mazoea, wote tukaruka. Akateremsha. Akateremsha tena. Tulipokuwa tunatoka Migwani ilikuwa inasoma 19. Alikuwa ameweka flashi yake ya benga, na kwa muda mrefu hakusema chochote, vidole tu vinagonga usukani. Halafu akaniuliza, "Huyu anayepiga hii ya chini, alikuwepo siku zote?"

Nikamwambia alikuwepo.

Milango ya nyuma bado hatujaifungua. Mama anasema ya mbele inatosha, na buti limerudi kuwa la ndengu. Wufa niliirudisha Nairobi, iko hapa miguuni mwangu ninapoandika, imeunganishwa na simu kwa kuwa nilishindwa kuitupa. Jirani wa chini ameshapanda kunigongea mara mbili. Kama kuna anayeitaka, ninauza, na sitakwambia ina wati ngapi. Nitakuonyesha fyuzi.